Absinthi: kinywaji kilichohukumiwa kwa kosa la pombe iliyomo ndani yake

#1 — Mleta uzi

Wanajamvi, salaam.

Tangu zamani nimekuwa nikikutana na maelezo yale yale kuhusu absinthi, pombe kali ya kijani iliyotikisa Ufaransa na Uswisi katika karne ya 19. Husemwa kwamba ilikuwa na sumu ya mmea iliyowafanya wanywaji waone mauzauza, ikawapa wachoraji maono, kisha ikawatia wazimu na kuwafanya wauaji, hadi serikali zikalazimika kuipiga marufuku. Sehemu kubwa ya maelezo hayo si kweli. Naona ni haki yaelezwe upya kwa utaratibu, kwa sababu marufuku ile ilijengwa juu ya majaribio yaliyofasiriwa vibaya, na makosa hayo yanaendelea kurudiwa leo na wanaokiogopa kinywaji hiki na pia na wafanyabiashara wanaokiuza kwa kutumia sifa yake mbaya.

Nianze na kinywaji chenyewe, maana wengi huzungumzia madhara yake bila kujua kinavyotengenezwa. Majani makavu ya pakanga chungu, ambayo wataalamu wa mimea huiita *Artemisia absinthium*, huchanganywa na mbegu za anisi na za shamari, kisha hulowekwa katika pombe yenye nguvu ya takriban asilimia 85. Baadaye huongezwa maji, mchanganyiko wote ukachemshwa katika mtambo wa shaba, na mvuke wake ukapoozwa na kukingwa. Kinachotoka hapo ni cheupe kama maji. Rangi ya kijani hupatikana katika hatua ya mwisho, pale sehemu ya pombe hiyo inapopashwa moto taratibu pamoja na majani ya mimea mingine kama hisopo, melisa na pakanga ndogo, ambayo huachia klorofili yake. Klorofili huharibika kwa mwanga na kwa umri, ndiyo maana absinthi ya miaka mingi huwa na rangi ya majani yaliyokauka.

Ladha yake pia huwashangaza wanaoionja kwa mara ya kwanza. Pakanga ni chungu kiasi kwamba Biblia ya Kiswahili huitumia kama kipimo cha uchungu, lakini kemikali inayobeba uchungu huo, absinthini, ni nzito na haipandi pamoja na mvuke, hivyo hubaki ndani ya mtambo. Kinachopanda ni mafuta mepesi yenye harufu, na humo ndimo ilimo kemikali iitwayo thujoni, ambayo ndiyo mshitakiwa mkuu katika uzi huu.

Katika migahawa ya Paris mteja aliletewa glasi yenye absinthi kidogo, kijiko bapa chenye matundu, kipande cha sukari na maji baridi. Sukari iliwekwa juu ya kijiko, kijiko kikalazwa mdomoni mwa glasi, na maji yakadondoshwa juu yake polepole hadi yafikie mara tatu au hata mara tano ya pombe iliyomo. Polepole kinywaji kiligeuka kutoka kijani angavu na kuwa na ukungu mweupe kama maziwa. Watu wa wakati huo waliona jambo la kimuujiza, ilhali sababu yake ni anetoli, mafuta ya anisi na shamari. Anetoli huyeyuka vizuri katika pombe yenye nguvu lakini haiyeyuki katika maji. Pombe inapopungua nguvu, mafuta hujitenga kwa ghafla na kuwa matone madogo mno yasiyoonekana moja moja, nayo hutawanya mwanga kila upande. Matone hayo hudumu yameelea kwa muda mrefu bila kukorogwa na bila kemikali ya kuyashikilia, jambo ambalo limewavutia wanakemia hadi katika karne hii. Kuichoma sukari kwa moto, kama inavyoonyeshwa katika baa nyingi za leo, ni desturi ya Ucheki ya miaka ya 1990, na Paris ya karne ya 19 haikuijua.

Asili ya kinywaji ni bonde la Val-de-Travers katika jimbo la Neuchâtel, Uswisi, mwishoni mwa karne ya 18. Simulizi maarufu humtaja daktari Mfaransa aitwaye Pierre Ordinaire aliyekuwa akiishi kijiji cha Couvet na kuuza dawa ya pakanga. Simulizi nyingine huwapa heshima hiyo wanawake wa ukoo wa Henriod wa kijiji hicho hicho. Lililo wazi zaidi ni kwamba mwaka 1797 Meja Dubied aliipata kanuni ya kuitengeneza, akaanzisha kiwanda Couvet pamoja na mwanawe na mkwewe Henry-Louis Pernod, na kwamba mwaka 1805 Pernod alivuka mpaka na kujenga kiwanda chake Pontarlier, upande wa Ufaransa, ili kukwepa ushuru wa forodha.

Kwa miaka mingi absinthi ilibaki dawa ya tumbo na kinywaji cha watu wachache. Mambo mawili yaliibadilisha. La kwanza ni vita vya Ufaransa nchini Algeria. Katika miaka ya 1840 askari walipewa absinthi kama kinga dhidi ya homa na maji machafu, na waliporudi nyumbani waliendelea kuiagiza migahawani. La pili lilikuwa na uzito zaidi. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyeingia kutoka Amerika, alianza kula mizizi ya mizabibu ya Ufaransa na kuangamiza mashamba mkoa baada ya mkoa. Divai ikaadimika na bei yake ikapanda. Absinthi haikuhitaji zabibu. Ingeweza kutengenezwa kwa pombe ya nafaka au ya viazisukari, ambayo ilikuwa rahisi na tele. Kinywaji cha maofisa kikawa cha vibarua, na saa kumi na moja jioni, wakati watu walipotoka kazini, ikaitwa saa ya kijani. Kufikia mwaka 1910 Wafaransa walikuwa wakinywa lita milioni 36 za absinthi kwa mwaka.

Mji wa Pontarlier peke yake ulikuwa na viwanda zaidi ya 20, na kuna tukio moja la huko ambalo siwezi kuliacha. Tarehe 11 Agosti 1901 radi ilipiga kiwanda cha Pernod na kukiwasha moto. Ili pipa kubwa la absinthi lisilipuke, mfanyakazi mmoja alilifungulia na kuliacha limwagike katika mto Doubs. Baada ya muda watu walioko kwenye chemchemi ya mto Loue, ng'ambo ya milima, walinusa anisi katika maji yao. Kwa njia hiyo ikadhihirika kwamba maji ya Loue hutoka katika mto Doubs kwa kupitia mapango ya chini ya ardhi, jambo ambalo baadaye lilithibitishwa kwa majaribio ya kutia rangi mtoni.

Sasa tuingie katika mashitaka.

Mwanasayansi aliyeipa hofu ya absinthi sura ya kitaalamu ni Valentin Magnan, daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Alikuwa akipokea wanywaji waliokuwa wakianguka kifafa na kuona vitu visivyokuwepo, akaamini kwamba huo ni ugonjwa wa peke yake, tofauti na ulevi wa kawaida, akauita ugonjwa wa absinthi. Katika majaribio yake aliweka simbilisi mmoja chini ya kibakuli cha kioo pamoja na mafuta halisi ya pakanga, na mwingine pamoja na pombe tupu. Yule aliyevuta mvuke wa pakanga alipatwa na degedege. Aliyevuta mvuke wa pombe alilewa tu. Magnan akahitimisha kwamba pakanga ndiyo inayowaangamiza wagonjwa wake.

Alichokiona kilikuwa kweli. Mafuta halisi ya pakanga huleta degedege, na hakuna mtafiti aliyelipinga hilo hadi leo. Kosa lilikuwa katika kipimo. Mnyama mwenye uzito usiofika kilo moja alivutishwa mafuta yasiyochanganywa na kitu, kisha matokeo hayo yakahamishiwa kwa mtu anayekunywa kinywaji ambacho ndani yake mafuta hayo ni chembe ndogo sana. Tena Magnan alikuwa akiamini, kama madaktari wengi wa zama zake, kwamba taifa la Ufaransa lilikuwa likizorota kizazi baada ya kizazi, na absinthi ikampatia maelezo aliyokuwa akiyatafuta. Inaniuma kuona jinsi daktari makini, mwenye wagonjwa halisi mbele yake, alivyoruhusu imani hiyo iongoze tafsiri ya majaribio yake.

Kisha ikaja siku ya tarehe 28 Agosti 1905. Katika kijiji cha Commugny, jimbo la Vaud nchini Uswisi, kibarua mmoja aitwaye Jean Lanfray alirudi nyumbani amelewa, akagombana na mkewe kuhusu viatu vyake ambavyo havikupakwa rangi, akachukua bunduki akamuua mkewe aliyekuwa mjamzito, kisha akawaua mabinti wao wawili wadogo. Alijaribu kujipiga risasi na akanusurika. Siku hiyo alikuwa amekunywa glasi nyingi za divai, konyaki, pombe ya mnanaa, kahawa iliyotiwa brandi, na glasi mbili za absinthi. Magazeti na mahakama yalishika zile glasi mbili. Katika kesi iliyosikilizwa Februari 1906 daktari Albert Mahaim alieleza kwamba tabia ya mshitakiwa ni mfano dhahiri wa wazimu wa absinthi. Lanfray alihukumiwa kifungo cha miaka 30, na siku chache baadaye akajinyonga gerezani.

Wananchi wapatao 82,000 wa Vaud walitia saini ombi la kupiga marufuku absinthi, na jimbo likaitikia mwaka 1906. Tarehe 5 Julai 1908 Waswisi walipiga kura ya maoni, asilimia 63.5 wakakubali marufuku hiyo iandikwe ndani ya katiba ya nchi, na ikaanza kutumika Oktoba 1910. Marekani ilifuata mwaka 1912. Ufaransa, ikiwa tayari vitani, ilipitisha sheria yake tarehe 16 Machi 1915.

Haitoshi kusema kwamba watu waliogopa. Wakulima wa mizabibu walikuwa wamepanda upya mashamba yao kwa kupandikiza mizabibu kwenye mashina ya Amerika yasiyodhuriwa na filoksera, divai ikawa tele tena, lakini wanywaji hawakurudi wote. Mwaka 1907 kulifanyika mkutano mkubwa mjini Paris ambao kauli yake ilikuwa kuitetea divai na kuipinga absinthi. Hapo walikaa pamoja madaktari, wapinga ulevi na wenye mashamba ya zabibu, na kwa wengi wao divai haikuhesabiwa kuwa pombe kabisa. Iliitwa kinywaji cha asili na cha afya. Ndiyo maana divai aliyokunywa Lanfray, ambayo ilikuwa nyingi kupita kila kitu kingine tumboni mwake, haikushitakiwa na mtu.

Ushahidi wa kemia ulikuja karibu karne moja baadaye. Kwanza mwaka 1975 jarida la Nature lilichapisha dhana kwamba molekuli ya thujoni inafanana kwa umbo na kemikali inayolevya ya bangi, na kwa hiyo huenda zinafanya kazi kwa njia moja. Dhana hiyo ilienea upesi, na bado inatumika kwenye matangazo ya chupa. Mwaka 1999 ilipimwa maabara na ikashindwa: thujoni haishiki vipokezi vya bangi kwa namna inayoweza kuleta ulevi huo.

Mwaka 2000 watafiti wa Berkeley, California, walionyesha inachofanya hasa. Ubongo wetu una kemikali iitwayo GABA ambayo kazi yake ni kutuliza seli za neva zisirushe ishara kupita kiasi. Thujoni huziba njia ya GABA, na inapokuwa nyingi, seli hukosa kizuizi, na mwili huingia katika degedege. Pombe ya kawaida hufanya kinyume chake, yaani huiongezea GABA nguvu, na ndiyo sababu mlevi hulegea na kusinzia. Katika majaribio hayo panya waliotangulizwa pombe kabla ya kupewa thujoni walinusurika na dozi ambayo ingewaua. Dozi yenyewe ya kuua ilikuwa takriban miligramu 45 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama.

Tuiweke takwimu hiyo kando ya absinthi halisi. Mwaka 2008 timu iliyoongozwa na mkemia Mjerumani Dirk Lachenmeier ilichapisha vipimo vya chupa 13 zilizotengenezwa kabla ya marufuku na kubaki zimefungwa. Thujoni ilikuwa kati ya miligramu 0.5 na 48.3 kwa lita, wastani wake 25.4. Glasi moja ya mililita 30 ilikuwa na chini ya miligramu moja kwa wastani huo. Ukiihamisha dozi ya panya moja kwa moja kwa mtu wa kilo 60, unapata miligramu 2,700, sawa na zaidi ya lita 100 za absinthi. Najua kwamba madaktari hawahamishi dozi za panya kwa binadamu kwa njia nyepesi hivyo, na mtu ni dhaifu kuliko panya kwa sumu nyingi. Basi tugawe kwa kumi: bado ni lita kumi za pombe kali, na kila lita yenye nguvu ya asilimia 68 ina zaidi ya nusu kilo ya ethanoli. Pombe ingekuwa imemuua mnywaji huyo kabla ya kumaliza lita ya kwanza au ya pili.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Absinthi ya zamani ilikuwa na nguvu ya kati ya asilimia 45 na 74. Mililita 30 zenye asilimia 68 zina pombe sawa na nusu lita ya bia ya asilimia 4, lakini zikishatiwa sukari na maji baridi hunyweka kama sharubati, na mtu angeweza kuzirudia jioni nzima. Mlevi wa miaka mingi anapokosa pombe ghafla, ubongo wake ambao umezoea kutulizwa na pombe hubaki bila kizuizi, na ndani ya siku mbili au tatu huweza kuanguka kifafa, kutetemeka, kutokwa jasho na kuona wadudu au watu wasiokuwepo. Hali hiyo inatambuliwa na kila hospitali duniani, iwe mgonjwa alikunywa absinthi, divai au pombe ya kienyeji. Ndizo dalili alizoziandika Magnan. Wagonjwa wake walikuwa wagonjwa wa pombe, na wale mabinti wa Commugny waliuawa na mtu aliyekuwa amelewa pombe.

#2 — Mchangiaji

Mleta uzi, shukrani kwa mada nzito. Lakini nina shaka moja. Nimesoma mahali kwamba absinthi ya zamani ilikuwa na thujoni mara kumi ya hiyo unayoitaja, na kwamba thujoni huoza ndani ya chupa. Je, chupa za miaka 100 zinaweza kuwa shahidi wa kuaminika?

#3 — Mleta uzi

Shaka yako ina msingi, mkuu, na watafiti wenyewe waliishughulikia. Takwimu ya miligramu 260 kwa lita ilienea kutokana na makadirio ya miaka ya 1980 ambayo hayakupima chupa yoyote. Yalianza na kiasi cha pakanga kilichotajwa katika kanuni za zamani, yakadhani kwamba pakanga hiyo ina mafuta kiasi fulani, na kwamba mafuta hayo yote huvuka hadi kwenye kinywaji. Kiasi cha mafuta katika pakanga hutofautiana sana kulingana na udongo, msimu na ukaushaji wake, na mtambo hauvushi yote. Watafiti walipofuata kanuni hizo hizo za karne ya 19 na kutengeneza absinthi mpya, thujoni waliyoipata ilikaribiana na ile ya chupa kongwe. Kuhusu kuoza, thujoni ni kemikali imara ndani ya pombe kali iliyohifadhiwa gizani, na kinachobadilika kwa urahisi ni rangi.

Kuna udhaifu mwingine ambao mimi nauona mkubwa kuliko huo. Chupa zinazodumu karne nzima ni zile zilizonunuliwa na watu wenye uwezo na kuwekwa akiba. Absinthi ya senti chache iliyouzwa kwa vibarua ilinywewa siku hiyo hiyo. Waandishi wa wakati ule wameeleza kwamba watengenezaji wasio waaminifu walitia chumvi za shaba ili kupata rangi ya kijani bila gharama ya mimea, na kloridi ya antimoni ili kinywaji kigeuke cheupe hata kama hakikuwa na anisi ya kutosha. Vipimo vya mwaka 2008 vilitafuta shaba, antimoni na methanoli pia, na havikukuta kiasi cha kuelezea ugonjwa wa absinthi, lakini vilipima chupa zilizopo, na zilizopo si zile za kilabuni. Kama kulikuwa na sumu ya ziada iliyowadhuru maskini wa Paris, ningeitafuta katika uchakachuaji huo kabla ya kuitafuta katika pakanga.

#4 — Mchangiaji

Na hao wachoraji? Van Gogh alikata sikio lake kwa sababu ya absinthi, na huwezi kusema kwamba wote walikuwa wakidanganya kuhusu walichokiona.

#5 — Mleta uzi

Sidhani kwamba walidanganya. Edgar Degas, aliyechora mwaka 1875 na 1876 mwanamke na mwanamume wameketi mgahawani na glasi ya absinthi mbele yao, hakuchora mauzauza yoyote. Alichora uchovu, macho yaliyopotea, watu wawili walioketi pamoja bila kuonana, na kwangu huo ndio ushahidi wa kweli kuliko picha zote za malaika wa kijani zilizochapishwa kwenye matangazo.

Van Gogh alikuwa mgonjwa kwa sababu ambazo madaktari wanaendelea kuzijadili. Alikula vibaya, alikunywa pombe za aina nyingi na alitumia kafuri ili apate usingizi. Mwaka 1988 mtafiti Wilfred Arnold alipendekeza kwamba alikuwa na uchu usio wa kawaida wa kumeza kemikali za kundi moja, yaani thujoni, kafuri na tapentaini. Ni pendekezo lenye hoja, lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba glasi ya absinthi ilishika kisu ni mbali sana.

Kwa uaminifu niongeze jambo linalopunguza makali ya upande wangu. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwapa watu 25 wenye afya vinywaji vyenye kiasi sawa cha pombe lakini thujoni tofauti. Waliopewa kile chenye thujoni nyingi, miligramu 100 kwa lita, walichelewa zaidi kutambua ishara za pembeni mwa macho kuliko waliopewa pombe tupu, na hisia zao pia zilitofautiana kidogo. Kwa hiyo thujoni ikizidi si kitu bure. Hata hivyo kiwango hicho ni mara mbili ya kile cha juu kabisa kilichokutwa katika chupa kongwe, na hakuna kati yao aliyeona mauzauza.

#6 — Mchangiaji

Je, marufuku hizo ziliwahi kufika huku kwetu, au yalikuwa mambo ya Ulaya pekee?

#7 — Mleta uzi

Zilifika, ndugu yangu, tena mapema. Dola Huru ya Kongo, chini ya Mfalme Leopold II, iliipiga marufuku absinthi mwaka 1898, kabla ya Ubelgiji yenyewe. Kisha tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye karibu na Paris, mataifa yaliyoshinda vita yalitia saini mkataba wa kudhibiti pombe kali barani Afrika, isipokuwa nchi za kaskazini na Muungano wa Afrika Kusini. Mkataba ule ulikataza uingizaji, uuzaji na hata umiliki wa pombe zilizokenekwa zenye mafuta yaliyodhaniwa kudhuru afya, na katika orodha yake thujoni na absinthi zimetajwa kwa majina. Tanganyika, Kenya na Zanzibar zote zilikuwa ndani ya eneo hilo.

Uingereza ilikuwa miongoni mwa watia saini, ilhali nyumbani kwake haijawahi kupiga marufuku absinthi hata siku moja. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi hitimisho la Magnan lilivyosafiri: lilianza kwa simbilisi wa Paris, na nusu karne baadaye likawa sheria juu ya mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kukiona kinywaji chenyewe.

Ulaya ililegeza baada ya muda mrefu. Mwaka 1988 Jumuiya ya Ulaya iliweka viwango vya thujoni badala ya kukataza, na sasa kinywaji kilichotokana na pakanga huruhusiwa hadi miligramu 35 kwa kilo. Uswisi iliihalalisha tarehe 1 Machi 2005, ingawa wakazi wa Val-de-Travers walikuwa wameendelea kuitengeneza kwa siri muda wote, wakiiacha nyeupe bila kuitia rangi ili isitambulike. Jengo la Môtiers ambamo watengenezaji hao walikuwa wakihukumiwa sasa ni makumbusho ya absinthi. Marekani ilifungua mlango mwaka 2007 kwa kile chenye thujoni isiyofikia miligramu 10 kwa kilo, na Ufaransa ikaifuta sheria yake ya 1915 mwaka 2011.

#8 — Mchangiaji

Swali langu ni la nyumbani. Mama yangu anachemsha majani ya pakanga kwa ajili ya malaria. Je, ni mmea huu huu, na je, nimwambie aache?

#9 — Mleta uzi

Ni ndugu zake, si mmea huo. Inayotumika kutengeneza dawa ya malaria ni *Artemisia annua*, yenye asili ya China, ambayo imelimwa pia Tanzania na Kenya kwa ajili ya viwanda. Ndani yake imo artemisinini, iliyotengwa mwaka 1972 na ikampatia Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015, na ndiyo chimbuko la dawa mseto tunazopewa hospitalini. Artemisinini na thujoni ni kemikali mbili tofauti kabisa. Pakanga ya nyanda zetu za juu, *Artemisia afra*, ni ya tatu, na mafuta yake mara nyingi huwa na thujoni nyingi.

Kwa mama, mwambie kwa heshima kwamba Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani hayo kwa kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha dawa katika kikombe hakijulikani, na dozi pungufu humwacha mgonjwa na vimelea vinavyojifunza kuistahimili dawa. Akiwa na homa apimwe, na akikutwa na malaria amalize dozi ya dawa mseto.

Jambo la kukatazwa bila mjadala ni mafuta ya pakanga yanayouzwa katika vichupa vidogo. Mwaka 1997 madaktari wa Marekani waliripoti kisa cha mwanamume wa miaka 31 aliyesoma kuhusu absinthi kwenye intaneti, akaagiza mafuta halisi ya pakanga akidhani ndiyo absinthi yenyewe, akanywa takriban mililita 10. Alipatwa na degedege, misuli yake ikaharibika na figo zake zikashindwa kufanya kazi. Alipona baada ya kulazwa. Kiasi alichokunywa ni vijiko viwili vya chai.